Arobaini ya Neema Kule Migori

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayekuja kununua mahamri hapa mlangoni kwangu Kisauni hanunui akaenda zake. Lazima aegemee mlango, ashushe sauti, aulize: "Mama Neema, mbona umerudi peke yako?" Na haki mnayo, maana niliondoka nikitamba. Nilisimama papa hapa na mizigo yangu nikasema mbele ya mashahidi kwamba nakwenda Migori kumlea mwanangu arobaini yake, na nikimkuta anateseka kwa huyo mume wake mbara, nitarudi naye, yeye na kichanga chake, maneno yaishe. Basi nimeketi nikaandika mara moja. Someni wote, mniache nikande unga wangu.

Odhiambo wengi wenu mnamjua. Ni yule seremala aliyekuwa akifanya kazi Kongowea, mrefu, mwenye meno mazuri, aliyekuwa akija hapa kila asubuhi kula mahamri saba na mbaazi. Alikuwa na maneno yule! Angekuhadithia habari za ubao wa mvule mpaka chai ipoe. Nilimpenda, siwafichi. Kisha akaleta posa ya Neema, na tangu siku ile kijana akawa bubu. Akiniona kwa mbali anavuka barabara. Siku ya harusi alinigeuzia bega tangu kanisani hadi mezani. Nikasema, ala! Kumbe urafiki wote ulikuwa wa kunasia binti, na binti akishanaswa mama hana kazi tena. Wakahamia Migori, na mimi kinyongo nikakitia moyoni kikakaa. Mwaka uliofuata ikaja telegramu kwamba Neema amejifungua mtoto wa kike. Sikulala, nikaanza kufunga mizigo.

Mombasa hadi Nairobi

Nilibeba vitu vya mzazi kama mama yangu alivyonifundisha: pilipili manga, tangawizi kavu, iliki, chupa mbili za samli, na gunia la nazi kumi na mbili. Utingo alipoliinua lile gunia aliniuliza kama nahamia au nakwenda kujenga. Nikamwambia apandishe, ajenge mdomo wake kwanza.

Basi lilichemka maji karibu na Maungu tukashuka wote, tukakaa chini ya jua saa mbili na nusu. Nikagawa mahamri niliyobeba, na yakaisha kabla injini haijapoa. Nairobi niliwasili sina chakula wala nguvu, nikalala kwa mpwa wangu, na baridi ile ikanifundisha kwamba kanga mbili si koti.

Nairobi hadi Migori

Kwenye basi la pili nilikaa na mzee mmoja wa Rongo, mpole, aliyestaafu kazi ya kuchapa vitabu na kurudi shambani. Tulipita Kericho na mashamba yake ya chai, yaliyonyolewa vizuri kuliko vichwa vya watu. Kwenye mteremko wa kuingia Kisii gunia langu likafunguka. Nazi moja ikajiviringisha chini ya viti hadi mbele, ikagonga kiatu cha dereva. Dereva akasimamisha gari ghafla. Abiria wakaipokezana ile nazi mkono kwa mkono wakiitikisa, na mama mmoja akauliza kama inachemshwa na ganda au inachomwa. Ilibidi niipasue pale pale. Maji yake yalimpendeza kila mtu, lakini nyama yake wengine waliitafuna wakanitazama kwa huruma.

"Mama, huko Migori utakula vizuri," yule mzee akaniambia. "Samaki iko, maziwa iko, mboga ndiyo usiseme. Lakini ukipikia watu wali, usikasirike."

"Nikasirike kwa nini?"

"Utaona tu," akasema, akacheka peke yake mpaka akashuka Rongo.

Migori, siku za kwanza

Niliteremka Migori mvua imetoka kunyesha. Udongo wa huko ni mwekundu na una tamaa; ulichukua ndara yangu ya kushoto hatua ya pili tu. Ng'ambo ya barabara nikamwona Odhiambo amesimama. Nikainua mkono, naye akainua wake, kisha akamnong'oneza kijana wa baiskeli. Yule kijana akaja akapakia mizigo yangu, na nilipogeuka mkwe wangu hayupo. Nimetoka Mombasa, siku mbili njiani, na mtu ameshindwa kuvuka barabara anipe mkono! Nilitembea nyuma ya ile baiskeli nikisema peke yangu kama mwendawazimu.

Neema alikuwa mlangoni na mtoto kifuani. Hapo nikasahau yote, nikalia, naye akalia, na mtoto akatusaidia. Wamempa jina Achieng, maana alizaliwa jua likiwa kali. Ana paji langu la uso, hilo halina ubishi.

"Mumeo yuko wapi?"

"Karakana, mama. Ana kazi nyingi siku hizi."

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili katika safu ya nyumba za kupanga, safi, na vyombo vimepangwa. Chumba cha ndani kina kitanda kimoja kikubwa cha mvule, kimechongwa maua kichwani, ambacho Odhiambo alikiunda mwenyewe kwa ajili ya harusi. Nikakipigapiga, nikaona ni kigumu sawasawa. Nikamlaza Neema upande wa ukutani, mtoto katikati, mimi nikajinyoosha ukingoni. Ndivyo mzazi anavyolelewa kwetu. Mama halali mbali na mwanawe siku arobaini. Neema alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema, kisha akaufunga.

Asubuhi yake jirani akaja kunijulia hali. Ni mama wa Kikuria kutoka Kegonga, mpana, mwenye sauti, mjane, na watu wote humwita Mama Boke. Alinisalimu vizuri, akaangalia mlango wa chumba cha ndani, akaangalia chini.

"Mama, kwangu nafasi iko," akasema. "Unaweza kuja kulala kwangu. Mchana unashinda na mtoto yako hapa."

"Mimi? Nilale kwa jirani na mwanangu yupo? Ahsante, mama, mimi sikuja hotelini."

Akacheka kidogo, hakurudia. Nikamwona ni mpenda makuu.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hilo ndilo mnalolitaka. Siku ya kwanza nililetewa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, rangi yake kama matope ya mkoko, na omena. Omena ni visamaki vidogo kuliko dagaa wetu, na vinapikwa na vichwa na macho yake, sahani nzima inakukodolea. Nikala ugali na chumvi. Siku ya pili ikaja mboga ya mrenda inayovutika kutoka sahani hadi mdomoni bila kukatika, nikawa kama navuta uzi. Nikamwambia Neema, haya, kesho jikoni naingia mimi.

Nikampikia uji wa mzazi, pilipili manga kijiko kizima. Mama Boke akauonja, machozi yakamtoka. "Mama! Unataka hii maziwa itoke ikiwa imeiva?" Akaenda akaleta wa kwao, uji wa wimbi uliochachushwa, mzito, mchachu mpaka masikio yanasimama. Mimi nikakunja uso, Neema akanywa bakuli mbili, na jioni maziwa yakawa yanamchuruzika mtoto shingoni. Kutoka siku ile uji ulipikwa wa Mama Boke, nami nikaupenyezea tangawizi kidogo tu, kwa heshima ya mama yangu.

Jumapili nikasema nitawaonyesha. Nikakuna nazi nne, nikapika wali, nikampaka samaki tui zito, nikawaalika majirani wa safu nzima. Wakala! Wakasifu, wakarudia, sufuria ikakwaruzwa. Kisha wakanawa mikono, wakakaa. Nikatoa vyombo, bado wamekaa. Nikaleta chai, wakanywa, wakakaa. Ikapita nusu saa, mazungumzo yameisha, kila mtu anaangalia mlango wa jiko.

"Neema," nikanong'ona, "wanangoja nini hawa?"

"Chakula, mama."

"Chakula kipi? Si wamekula?"

"Wali kwao ni kama kitafunio, mama. Mtu hajala mpaka ale ugali."

Nikaingia jikoni nikasonga ugali kwa hasira. Ukaisha wote, bila mboga. Nikamkumbuka yule mzee wa Rongo na kicheko chake.

Migori, kitanda cha pili

Msidhani nilikuwa sina raha. Kufikia juma la pili nilikuwa nala omena na vichwa vyake. Sokoni walikuwa wananiita Mama Mombasa, na nilikuwa nimejua kuchagua mnavu usio mchungu. Jambo moja tu lilikuwa linanikaa kooni kama mwiba wa samaki: baba wa mtoto hakukanyaga nyumba ile. Asubuhi maziwa yalifika, mkaa ulifika, samaki alifika, vyote kwa mkono wa Mama Boke. Mwenyewe haonekani. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Ana kazi nyingi, mama." Kazi gani inayomzuia mwanamume kumwona mwanawe wa kwanza wiki mbili? Kazi hiyo ina jina, na kwa kawaida ni jina la kike.

Siku moja nikitoka sokoni nikapitia njia ya maseremala. Nikachungulia penye pengo la mabati nikamwona Odhiambo, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope, anapiga randa. Mbele yake kitanda. Si kitanda cha mtoto, la. Kitanda cha watu wawili, kikubwa, na yeye amekiinamia anakichonga maua kichwani.

Nikamwita seremala wa jirani yake. "Baba, kile ni kitanda cha mteja gani?"

"Kile? Si cha mteja, mama. Ni yake mwenyewe. Hata kazi za watu ameweka kando, anataka kumaliza haraka."

Mwanamume ana kitanda nyumbani, kizima, cha mvule, na anajiundia cha pili, tena kwa haraka. Nyinyi mngefikiri nini? Mke wa pili huyo yuko mlangoni, na mwanangu hata arobaini hajatoka!

Nilifika nyumbani naona giza. "Neema, wajua kama mumeo anaunda kitanda?"

Akainama. "Najua, mama."

"Na umekubali?"

"Nitafanyaje, mama? Ni lazima."

Ni lazima! Mtoto niliyemsomesha, niliyemlea kwa moshi wa mahamri, ananiambia ni lazima. Nikamwambia afunge nguo zake, twarudi Mombasa. Akaanza kulia. Akasema mama, ngoja, si unavyofikiri, tafadhali usiulize. Asiulize nani? Nikamwambia nampa siku mbili. Mimi siibi mtu. Nitakwenda kwa mama wa Odhiambo huko Homa Bay, nimwambie uso kwa uso kwamba namchukua mwanangu na mjukuu wangu, kisha nirudi tusafiri. Nikamwachia Mama Boke nyumba, nikajitanda kanga yangu nzuri, nikatoka.

Rongo na Rodi Kopany

Ukiwa na hasira magari yote hukawia. Rongo nilingoja tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, huku nikipanga hotuba yangu. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa mahindi akanipa nafasi mbele ya pikapu yake. Tukafika Rodi Kopany, na hapo tukanasa, maana ilikuwa siku ya soko na ng'ombe walikuwa wameijaza barabara kama mali ya baba yao. Dereva akazima injini, akaenda kuulizia bei ya fahali.

Nikashuka kununua uji kwa mama mmoja aliyekuwa na mitungi kivulini mwa duka. Aliniona navyohema akaniuliza nina nini. Mtu usiyemjua ndiye wa kumwambia mambo yako, basi nikamwaga yote: mkwe asiyenisalimu, asiyelala kwake, anayeunda kitanda.

Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza, "Na wewe, mama, hizo siku zote unalala wapi?"

"Na mwanangu, kitandani. Nilale wapi tena?"

Kata ikamsimama mkononi. Akamwangalia mwenzake wa mitungi ya pili, wakasemezana Kijaluo maneno machache, na yule wa pili akajifunika mdomo.

"Maliza uji," akaniambia kwa upole. "Huyo mama wa kijana atakueleza. Mimi si mdomo yangu." Akakataa kupokea senti zangu. Hilo likaniudhi zaidi. Nikaona ananihurumia kwa sababu ya huyo mke wa pili.

Homa Bay, kwa Mama Odhiambo

Nyumba yao ipo mbele ya mji, unafuata ufuo mpaka uone nyavu kuukuu zimetandazwa chini na omena juu yake zinameta. Mama Odhiambo alikuwa anazigeuzageuza kwa fagio. Ni mwembamba, mfupi, hana meno mawili ya mbele, na nilimkuta mara moja tu kabla ya hapo, harusini. Aliponiona akatupa fagio.

"Mama Neema! Mtoto ni mzima?"

"Mzima. Nimekuja na neno."

"Neno linangoja. Kwanza kula."

Nikasema sili. Akanitazama kama niliyetukana. Akaleta ngege mzima kwenye mchuzi wake mwenyewe, nyanya na chumvi basi, na ugali wa mtama unaofuka moshi. Hasira haina adabu lakini njaa haina hata jina. Nilikula nikamaliza. Namna walivyomtoa ziwani asubuhi ile akiwa bado anafikiria mambo yake, samaki yule alikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichokipaka tui, na msiniulize mara mbili. Nilinawa mikono, ndipo nikasimama nikatoa hotuba yangu yote. Mwanawe amemtelekeza binti yangu. Anaunda kitanda cha mke wa pili. Mimi namchukua mwanangu.

Yeye alikuwa anatoa magamba ya samaki mwingine. Akaweka kisu chini.

"Wewe unalala wapi pale Migori?"

Swali lile lile! "Kitandani kwa mwanangu."

"Hapana," akasema. "Hiyo si kitanda ya mtoto yako. Hiyo ni kitanda ya mtoto yangu."

Kisha akanieleza polepole, kwa Kiswahili alichokuwa nacho na mikono yake yote miwili. Kwao, mama wa mke ni mtu wa heshima kuliko wote. Mkwe hamsogelei, hamkabili uso kwa uso, halali naye nyumba moja. Na mama huyo hawezi kulala kwenye kitanda cha mume wa binti yake. Akilala, kitanda kile mwenyewe hakilalii tena. Na akiwa analala ndani ya nyumba, mwenye nyumba haingii.

"Ulilala siku ya kwanza, kitanda ikaisha," akasema. "Sasa anatengeneza ingine. Atalala wapi?"

Nilikaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa chini kabisa, pembeni ya omena.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Alikuja hapa siku ya tatu. Mimi nikasema nakuja Migori sasa hivi nikwambie. Akakataa kabisa. Akasema, mama akijua ataona aibu, atarudi kwao, na Neema atabaki hapa bila mama yake, na ndiyo mtoto wa kwanza. Akamwambia Neema asiseme. Akasema yeye atalala karakana kwa mbao, mpaka arobaini yenu iishe."

Siku zote zile mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia baba mlango. Nimekalia kitanda chake, nakula samaki wake, nauliza yuko wapi! Nikaanza kulia kwa aibu. Yule mama akanitazama, midomo ikamcheza, na mara akaangua kicheko kile cha watu wasio na meno ya mbele, kinachotoka chote. Nami, sijui ilikuwaje, nikacheka na machozi yangu.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," nikamwambia.

"Yako si kamba," akasema, "ni minyororo."

Jua liliposhuka akanionyesha nyumba ya jirani yake nikalale huko. Safari hii sikuuliza kitu. Nilibeba mkoba wangu nikaenda.

Kurudi Migori

Mama Odhiambo alisema atanifuata keshokutwa, kitanda kipya kiingie yeye akiwepo. Nikarudi peke yangu. Gari lilinyooka siku hiyo, nikafika Migori mchana, wakati ambao kwa kawaida mimi huwa sokoni. Nikapita njia ya nyuma ya nyumba kukwepa matope.

Kwenye dirisha la chumba cha ndani alikuwa amesimama Odhiambo, mgongo kwangu, vumbi la mbao kichwani. Neema alikuwa ndani, amemnyanyua mtoto mpaka kwenye nondo za dirisha. Odhiambo amepenyeza kidole kimoja, na mtoto amekishika. Yule mtu wa maneno mengi alikuwa anatazama tu, paji la uso limegusa nondo. Mama Boke alikuwa anafua nguo karibu yao, anaangalia njia ya mbele, ile ya sokoni na stendi. Ndiye aliyekuwa mlinzi wao, kumbe kila siku nikienda kununua mboga.

Aliponiona nimetokea upande mwingine alishtuka. Nikajiwekea kidole mdomoni, anyamaze. Nikarudi nyuma taratibu, nikazunguka mbali mpaka sokoni, nikakaa kwenye jiwe na mkoba wangu mapajani. Roho iliniuma, jamani. Nimejifungua watoto watatu na kuzika mume, lakini sikuwahi kuumwa na roho namna ile. Nilikaa mpaka nikajua ameshiba kumtazama.

Jioni ile nilihamia kwa Mama Boke. "Ile nafasi bado ipo?" nikamwuliza.

"Ilikuwa inakungoja tangu siku ya kwanza, mama mkubwa wa hoteli," akasema.

Keshokutwa yake Mama Odhiambo akaja, maseremala wanne wakabeba kile kitanda cha zamani wakakitoa nje na kukiingiza kwa Mama Boke, maana sasa kilikuwa changu. Kipya kikaingia. Kikakwama mlangoni, wakakigeuza, kikakwama tena, na wazee wawili waliokuwa wanapita wakatoa ushauri wa bure mpaka kikapita. Odhiambo akaingia nyumbani kwake. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikamsikia, na haikupita dakika tano. Maneno yote ya Kongowea, yaliyokatika siku ya posa, alikuwa anayamwaga juu ya mtoto mchanga: habari za mvule, habari za msumeno, bei ya misumari. Mimi nilikuwa upande huu namenya tangawizi, natabasamu na ukuta.

Siku zilizobaki zilikwenda vizuri. Mchana nilimkanda Neema akiwa kazini mumewe. Akirudi, nilikuwa nimeshatoka. Kila mtu alijua saa yake. Na nikipika wali nilisonga na ugali pembeni, tukapatana.

Migori hadi nyumbani

Arobaini ikatoka. Mtoto akanyolewa, tukala, wakala wali na baadaye wakala chakula. Asubuhi ya kuondoka nikamwuliza Neema lile ambalo sikuwahi kumwuliza nilipokuwa naamrisha watu wafunge nguo.

"Mwanangu, wewe wataka nini? Nikuchukue, au nikuache?"

"Mama," akasema, "nataka uje tena. Lakini nataka uje kwangu."

Tukaenda stendi. Odhiambo alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, upande upande, mtoto begani, macho anayaelekeza kwenye magunia ya vitunguu. Safari hii sikukasirika. Neema alisimama katikati yetu, na kwa kuwa hatuwezi kusemezana, tukampitishia yeye, ingawa mtaro wenyewe mtu anauruka kwa hatua moja na kila neno linasikika.

"Neema, mwambie mama asafiri salama," Odhiambo akaviambia vitunguu.

"Mama, anasema usafiri salama."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie hivi." Hapo na mimi nikavitazama vitunguu. "Mwambie, mama anaomba radhi. Nilimkalia nyumba yake, nikamdhania ubaya, na yeye alikuwa ananisitiri. Mwambie sikuwa na mkwe mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa na mkwe mbaya."

Neema alifungua mdomo amfikishie, lakini hakuwahi.

"Hapana, mama!" Odhiambo amegeuka mzima mzima, ananitazama usoni, macho yamejaa. "Mama, usiseme hivyo! Wewe ni mama yangu!"

Stendi nzima ikageuka kututazama. Yeye mwenyewe akagundua alichofanya, akajiziba mdomo kwa kofia ya mtoto, akavigeukia vitunguu vyake haraka. Mama Boke akapiga kigelegele. Utingo akaniambia nipande, nami nikapanda silioni daraja la gari kwa machozi na kicheko.

Hayo ndiyo aliyoniambia kwa kinywa chake tangu siku ya posa, na labda hataniambia mengine mpaka nife. Yananitosha.